Sauti ya Pili

Wimbo ulikuwa unakatika palepale siku zote. Vaimoana alijirekodi kwenye simu yake akiwa ameketi kwenye ngazi za nyuma. Aliimba ubeti wa kwanza, akaingia wa pili, na katikati ya neno "horini" chaji ikamwishia. "Hori", halafu kimya. Asenati, mama yake, alikuwa ameusikiliza wimbo huo hadi akakizoea kile kipande cha neno kama alivyozoea kona ya meza ya jikoni inayomgonga nyonga kila akipita.

Jioni moja ya Desemba, alipokuwa akipiga pasi sare za kwaya, wimbo ulifika kwenye "hori" na ukaongeza "ni".

Asenati akasimamisha pasi. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Horini, neno zima, kisha kimya. Akajiambia masikio yamechoka, na kwamba mashati ya besi hayatajipiga pasi yenyewe, akaendelea.

Vaimoana alikuwa binti yake wa kwanza. Mto ulimchukua mwaka uliotangulia, majira ya mvua, pale kwenye kivuko chini ya kanisa, akirudi kutoka mazoezi ya kwaya. Walimzika mbele ya nyumba, kama watu wote wa pale wanavyozika, kaburi la vigae vyeupe lenye kijipaa cha bati. Asenati alianikia kakao juu yake kwa sababu ndipo jua linapoanza kufika, na kwa sababu, alivyosema, Moana hakuwahi kugeuza kakao hata siku moja alipokuwa hai, basi na afanye zamu yake sasa. Waliomsikia walicheka, kisha wakanyamaza.

Asenati ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya kijijini. Zamani alikuwa na kifirimbi kidogo cha kutolea sauti ya kuanzia, kilichoachwa na babu yake. Kilipotea wakati wa msiba. Tangu hapo alikuwa akitoa sauti kichwani mwake tu, na besi walilalamika kila Jumapili: "Mwalimu, leo umetuanzishia mbinguni. Sisi tungali hapa chini."

Asubuhi alikuwa akifanya kazi katika redio ndogo mjini Apia, mji mkuu wa visiwa vyao. Mkuu wake, Ierome, mtu mnene mwenye vichekesho vingi kuliko mafuta ya jenereta, ndiye aliyemtuma kwenye jambo hili.

"Mama Moana, nisikilize," alimwambia. Watu walimwita hivyo bado, na yeye hakuwakataza. "Kila Krismasi tunawapigia watu theluji. Theluji, na farasi wenye kengele. Nani hapa ameshaona theluji?"

"Mimi. Kwenye friji lako. Utaliyeyusha lini?"

"Unaona? Ndiyo maana kazi hii nakupa wewe. Niletee nyimbo zilezile za Krismasi, lakini zipikwe upya. Zinukie nazi. Nitazipiga mfululizo siku nzima ya sikukuu."

Asenati akazisaka. Alipata kwa dereva mmoja wa basi wimbo wa mamajusi uliotiwa kinanda na ngoma za kasi, hata mamajusi walionekana kama wanakimbizwa na mbwa. Wanawake wa kijiji cha mama yake walimwimbia wimbo wa malaika huku wakipiga mikeka iliyokunjwa kwa fimbo. Mpwa wake alimtumia mwingine kutoka Brisbane, wa gitaa dogo la nyuzi nne, na mvua ya huko ikisikika juu ya bati. Ierome alizisikiliza zote akitikisa tumbo.

"Imebaki mmoja," akasema. "Wa utulivu. Wa kufungia. Kesho asubuhi, Mama Moana, nakuomba."

Ndiyo maana jioni ile, kati ya shati na shati, alikuwa ameitoa simu ya marehemu sandukuni.

Wimbo wa Vaimoana haukufanana na wowote aliokusanya. Ulianza kwa mluzi, laini, kama mtu anayejipigia mwenyewe huku akisuka nywele. Kisha aliimba sauti ya pili peke yake. Ya kwanza haikuwemo. Ya kwanza ilikuwa ya mama yake, na siku ile mama yake alikuwa sokoni. Kwa hiyo ukisikiliza ulisikia wimbo wenye pengo katikati, umbo la wimbo linalongoja mwenye kulijaza. Hakuna aliyewahi kuuimba hivyo. Asenati alijua Ierome ataupenda, na alijua pia kwamba yeye mwenyewe angetaka kumpiga kibao kwa kuupenda.

Baragumu la kombe likalia.

Katika kijiji kile, jua likizama baragumu hulia, na mpaka lilie tena hakuna anayetembea wala kupiga kelele. Kila nyumba husali. Wanaume wa zamu husimama barabarani kuangalia kwamba kimya kinatunzwa, na jioni ile mume wake, Elekana, alikuwa mmoja wao. Asenati akazima spika, akaketi mkekani na binti yake aliyebaki, Losivale, mtoto wa darasa la tano mwenye mdomo mrefu kuliko umri wake. Akafungua Zaburi.

Lakini orodha ilitakiwa asubuhi, na sare zilikuwa hazijaisha, na mtu mmoja ana mikono miwili tu. Akapitisha waya wa kisikilizio chini ya nywele zake, akatia kimoja sikioni, na akawasha wimbo taratibu ahakikishe kama neno lile limo kweli.

Losivale akaona. Akanyoosha kiganja. "Na mimi."

"Shh. Tuko kwenye sala."

"Basi nitamwambia baba."

"Chukua, mchawi wewe." Akampa cha pili.

Kupiga mluzi giza linapoingia, na hasa wakati wa kimya, hakuna mtu wa pale anayethubutu, hata mtoto anayejifunza kutembea. Mluzi saa ile ni kuita, na anayeita hachagui atakayeitika. Asenati alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Lakini alijiambia kwamba sikioni si nje. Ni waya tu. Hakuna anayepiga mluzi, ni simu, na hakuna anayesikia ila yeye na mtoto. Akasoma Zaburi kwa mdomo huku sikio moja likimsikiliza marehemu.

Mluzi ukaisha sikioni. Ukaanza nje, upande wa kaburi.

"Mama," Losivale akanong'ona, "amekosea. Ameanza tena."

"Nani?"

"Huyo wa nje."

Asenati akachomoa waya kwenye simu. Mluzi ukaenda hadi mwisho wa mstari, taratibu, ukanyamaza. Upepo haukuwepo. Harufu iliingia kupitia madirisha, harufu ya matope ya mtoni, ile ya chini kabisa, ambayo hutoka siku ambazo maji yamepungua na majani yanaoza.

Baragumu la pili lilipolia, Elekana aliingia amekunja uso. "Nani alikuwa anapiga mluzi humu? Nimeaibika mbele za wazee, Mama Moana. Wote wamenigeukia mimi."

"Si humu."

"Basi wapi?"

Losivale alikuwa bado ana kisikilizio sikioni, waya umening'inia haujaunganishwa na kitu chochote, naye alikuwa anatikisa kichwa kufuata wimbo.

Wimbo haukupelekwa redioni. Asenati alimwambia Ierome kwamba wa kufungia bado, akarudisha simu sandukuni na kufunga. Lakini kila alipoifungua kuangalia, na aliifungua kila siku, urefu wa wimbo ulikuwa umeongezeka. Ubeti wa pili ukakamilika. Ukaja wa tatu, ambao Vaimoana hakuwahi kuukariri vizuri, na hapo kwenye mstari aliozoea kuukosea akaukosea vilevile. Asenati aliketi kitandani na simu mapajani, akacheka kwa pua kidogo, kisha akaogopa kwamba amecheka.

Na kadiri wimbo ulivyokua, Losivale alipungua. Kwanza aliacha maneno ya shombo. Kisha akaacha kula. Mkate aliuweka mdomoni, akautoa umelowa. Asubuhi mto wake wa kulalia ulikuwa majimaji na nywele zake baridi. Aliimba sauti ya pili peke yake, akiwa chooni, akiwa anafagia, kwa sauti nzito isiyo ya mtoto wa darasa la tano, na mwisho wa kila mstari alinyamaza kidogo, amegeuza uso kumwelekea mama yake, kama mwanakwaya anayengoja aoneshwe mkono.

"Losi, acha huo wimbo."

"Wimbo gani, mama?"

Hospitali walisema kifua kina maji. Wakampa vidonge. Maji yakaongezeka.

Siku alipopumua kwa mlio, kama mtu anayevuta kinywaji kwa mrija kwenye chupa iliyokwisha, Elekana alitoka bila hata kubadili shati, akarudi na bibi Siaunofo, binamu ya marehemu mama yake, mwanamke mkavu aliyejua majani na asiyependa kusubirishwa. Ilikuwa mchana, jua kali, kakao imeanikwa kaburini. Siaunofo akaiangalia, akamwangalia Asenati.

"Unaanika kakao juu ya mtoto."

"Ndipo penye jua, bibi."

"Hm. Na mimi nilianika nguo juu ya mume wangu. Alistahili." Akaingia ndani, akapiga magoti kando ya Losivale, akamnusa utosini, akashika tumbo lake. Uso ukamwondoka mzaha wote. "Mmesubiri nini? Mpaka ajae?"

"Tuliambiwa vidonge," Elekana akanong'ona.

"Vidonge." Akaanza kutwanga majani. "Nisikilizeni, maana sirudii. Huyu ameingiliwa. Kuna wa aina mbili. Kuna pepo mgeni, anayetangatanga, aliyesikia mluzi akaja. Huyo nitamfukuza kama mbwa, na akishafukuzwa harudi. Na kuna wa kwenu. Wa kwenu simfukuzi. Nyumba ni yake, kaburi lake hilo pale. Nitaweza kumbembeleza tu. Ataondoka leo, atarudi kesho akikumbuka."

"Na mtoto?" Asenati akauliza.

"Mtoto atastahimili kurudi kwake mara moja. Mara mbili sijui." Akafuta mchi. "Kwa hiyo kabla sijaanza, mniambie ni nani. Ukikosea hapo kila kitu kitaharibika. Wewe mama, ndiwe uliyemzaa mmoja na mwingine. Muulize jambo asilolijua mtu mwingine yeyote. Si la kwenye simu, si la kwenye mazoezi. Pepo wageni ni wajanja, husikiliza madirishani."

Elekana alikuwa ameshika miguu ya Losivale. "Mama Moana," akasema, "kama ni yeye..."

"Shika miguu, baba Moana."

Akainama mpaka nywele zake zikamfunika mtoto uso. Harufu ya matope ilikuwa kali hata macho yakamwuma. Alilijua swali tangu siku ya kwanza, lakini hakutaka kuliuliza, kwa sababu swali lisiloulizwa lilikuwa limemwachia watoto wawili. Siku ya maziko aliwatoa wanawake wote chumbani akamvalisha Vaimoana peke yake, gauni jeupe, glavu nyeupe, na kabla ya kumvalisha glavu ya kulia alimfumbatisha kitu kiganjani, akavuta lesi juu yake. Kisha akatoka, akawaambia watu wa kwaya kwamba kile kitu kimepotea, na akasaidia kukitafuta.

"Mkononi una nini?" akanong'ona.

Midomo ya Losivale ilikuwa na nyufa. Haikusogea sana. Sauti iliyotoka haikuwa ya pepo anayejikakamua. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeamshwa, mzito kidogo wa mafua, anayefurahi kwamba ameulizwa jambo rahisi.

"Kifirimbi chako, mama. Kimeingia maji, lakini bado kinalia."

Asenati hakuinuka mara moja. Alibaki ameinama hivyo, na waliokuwa chumbani walidhani bado anauliza, kumbe alikuwa anavuta hewa ile ya matope, anaivuta mpaka ndani kabisa, kwa sababu chini ya matope kulikuwa na mafuta ya nazi ya nywele, yale ya bei nafuu ambayo Vaimoana alijipaka mengi mno hata akachafua mito yote ya nyumba, na Asenati aliyekuwa amemgombeza kwa mafuta hayo kila wiki alitamani sasa kuweka shavu lake pale na kulala, na shavuni pake alisikia pumzi ya Losivale ikikwaruza, ikisita, ikikwaruza, kila mara ikichelewa zaidi kidogo kurudi.

Akainuka.

"Si yeye," akasema.

Siaunofo akamtazama. "Umesikia vizuri?"

"Amesema hajui. Ni mgeni. Simjui."

"Mama Moana, una hakika?" Elekana aliuliza, na machozi yalianza kumtoka, ya nafuu, ya mtu aliyeambiwa kwamba atakayetukanwa leo si mwanawe.

"Nina hakika. Anza, bibi."

Basi Siaunofo akaanza, akampaka Losivale majani yale chungu puani na machoni na chini ya ulimi, akampiga mgongoni kwa kitawi kibichi, akapaza sauti ambayo mtu asingedhani imo katika mwili mkavu namna ile, akisema toka, mwizi, toka, usiye na mama wala kaburi, hapa si kwenu, hukuzaliwa hapa, hakuna aliyekulilia hapa, rudi kwenye matope yaliyokutapika, na mtoto akajikunja kama samaki, na maji yakamtoka puani, ya kahawia, yenye majani ndani, yakaenea mkekani hadi kwenye magoti ya Elekana, na katikati ya kelele zile sauti ya mafua ikawa inasema neno moja, haimwambii Siaunofo, inamwambia mwingine, kwa mshangao zaidi kuliko hasira, "Mama. Mwambie. Mama, mwambie mimi ni nani," na Asenati akiwa amemshika Losivale kichwa kwa mikono miwili asijigonge, akaangalia ukutani, kwenye msumari ambapo zilining'inia sare alizokwisha kuzipiga pasi, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia muuzaji kwamba leo hatununui:

"Simjui."

Sauti ikanyamaza.

Vaimoana alikuwa hivyo tangu mdogo. Ukimkatalia mara moja haombi mara ya pili.

Harufu ikatoka kupitia mlango wa mbele, ikapita karibu na kakao, ikaisha. Losivale akakohoa, akalia kilio chake mwenyewe, chembamba na cha kuudhi. "Mgongo unaniuma! Bibi, kwa nini umenipiga? Nitamwambia mchungaji."

Elekana akamkumbatia hata akamziba mdomo. Siaunofo alikusanya majani yake kwenye kitambaa, akakataa chakula. Mlangoni akageuka.

"Mpe uji wa kakao, mwepesi," akasema. "Kwaheri, Mama Losi."

Siku zote alikuwa akimwita Mama Moana. Asenati akaitikia.

Alipofungua simu, wimbo ulikuwa umerudi pale ulipokuwa. "Hori", na kimya. Aliufuta. Kisha akafuta na kule simu inakotunza vilivyofutwa, maana alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Ierome alifungia orodha yake kwa wale wanawake wa mikeka, na watu walipiga simu redioni siku nzima kuisifu. "Unaona?" alimwambia. "Zinanukia nazi!" Naye alicheka mahali pa kucheka.

Siku ya Krismasi walikula nguruwe na magimbi na majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, Losivale akala mpaka akaumwa tumbo, akawasingizia kaka za baba yake kwamba wamemlazimisha. Kaburi lilikuwa limezungushiwa taa za rangi, kazi ya Elekana. Alizifunga akipiga gumzo na marehemu, kama kawaida yake, akimweleza Moana jinsi pepo fulani wa ajabu alivyojaribu kujifanya yeye, na jinsi mama yake alivyomtambua papo hapo. "Mama yako hadanganyiki," alikuwa akisema. "Aligundua mara moja." Asenati alikuwa anaosha sufuria. Aliisugua ile sufuria mpaka mchana ukaisha.

Baragumu likalia. Redio za nyumba zote zikazimwa. Wakaketi mkekani, Elekana akafungua Biblia, Losivale akapiga miayo bila kuziba mdomo. Kimya kikashuka juu ya kijiji, kimya kile kizito ambamo unaweza kusikia taa zikibadilisha rangi.

Nje, si karibu, kule chini njia inapoanza kushuka kwenda mtoni, kifirimbi kikatoa sauti ya kuanzia.

Ilikuwa ndogo, na ilikuwa na maji ndani yake. Lakini ilikuwa sahihi kabisa, wala si juu, wala si chini, sauti ya kuanzia wimbo ule. Baada yake Asenati akasikia pumzi ikivutwa, kama wanavyovuta wanakwaya wote kwa pamoja, ikashikiliwa.

Elekana aliendelea kusoma. Losivale alikuwa anachokonoa mkeka.

Sauti ya pili haianzi peke yake. Asenati mwenyewe ndiye aliyemfundisha Moana hivyo. Inangoja ya kwanza iingie, hata kama ni kungoja usiku kucha.

Asenati akauma midomo yake kwa ndani, akaishika imefungwa, akainamisha kichwa pamoja na wengine.